Keekee ya Mzee Gombo

"Chipu ya kuiendesha treni yako kwa rimoti imeenea," alisema fundi Mbaruku, "ila spika haina pa kupumulia. Lazima tutoboe sakafu ya behewa la makaa, mzee wangu, hapo penye jina lako."

Mzee Gombo aliendesha treni za mvuke hadi alipopofuka. Treni hii ndogo ya shaba aliiunda mwenyewe kwa miaka tisa, na jina ndilo alilolichonga mwisho. Sasa hakuiona tena. Alitaka angalau aisikie. Akalipapasa jina, herufi moja moja.

"Nipe keekee."

"Wewe? Utajitoboa kidole!"

"Kidole changu, si chako. Shika behewa, na uache kutetemeka kama bwana harusi."

Mbaruku akacheka, akashika. Keekee ikalia, unga wa shaba ukamwagika mapajani. Tundu la kwanza likapita katikati ya jina. Mzee hakusita, akatoboa matano mengine.

Fundi akaunga nyaya, akaiweka treni relini, akabonyeza rimoti. Kwenye spika ikatoka pumzi moja nzito ya mvuke, kisha ya pili. Mkono wa kulia wa Mzee Gombo ukapanda taratibu, ukitafuta hewani kamba ya honi.