Lango Halisahau Uso

Huku Ugiriki sheria ni moja: monasteri za Meteora, zile zilizo juu ya miamba, utaziona mara moja tu maishani, na lango halisahau uso. Ndiyo maana Mama aling'ang'ania kubaki nje.

"Ingia wewe, Mwanakombo. Mimi nilishaziona."

Alikuja mwaka ule alioniacha kwa Bibi. Utoto wangu wote alinisimulia miamba hii.

"Jaribu tu, Mama," nikasema, nikamvuta hadi mbele ya lango.

Taa ikawaka kijani. "Karibu kwa mara yako ya kwanza," lango likamwambia Mama.

Nikashusha pumzi, nikacheka, nikamkumbatia. Lango limesahau! Tutaziona pamoja!

Katikati ya ngazi nikageuka. Mama hakuwa akitazama miamba. Alikuwa akinitazama mimi, akingoja nimuulize mwaka ule alikuwa wapi.