Taya la Mfupa wa Mguu

Asubuhi ya saba Phalla aliketi tena kwenye meza ileile ya kibanda cha supu, sokoni Battambang, Kambodia. Sumu ya panya ilikuwa kiunoni, ndani ya karatasi.

Mumewe hakumtambua. Asubuhi sita Bunthan alikuwa amempokea kama mteja yeyote, "Karibu, dada," na bakuli mbele yake, basi.

Angemtambuaje? Miaka sita iliyopita Bunthan alimvunja taya kwa mchi wa kinu, kisa wali umeungua, akatoroka. Madaktari wa Phnom Penh walitoa mfupa mguuni mwa Phalla wakamtengenezea taya jipya. Uso ukawa wa mtu mwingine, na sauti ikabadilika. Meno ya chini hakuyapata tena, lakini alijifunza kufumba mdomo, mtu asijue. Bahati nzuri, supu ya Bunthan ilipita kooni bila taabu.

Uso huo mgeni aliushukuru. Alitaka Bunthan afe akiwa hajui lolote, na pumzi ikimwishia ndipo amwinamie, amtajie jina lake: Phalla. Neno hilo moja alikuwa amelitunza miaka yote sita, na lilimchoma kifuani kila alipoamka.

Bunthan alimpa mgongo, akakatakata nyama mbele ya kifuniko kikubwa cha sufuria kilichoning'inia ukutani, kimesuguliwa hadi kinang'aa. Phalla akamimina chai glasi mbili. Moja akaimwagia unga wote wa sumu, akakoroga haraka.

"Kaka, nimekumiminia chai. Unachoka sana."

"Ahsante, dada." Akamwekea bakuli, akachukua glasi.

Savuth, muuza vipuri wa meza ya jirani, alichungulia.

"We Bunthan! Mbona tambi za huyu dada umezikata fupi, na nyama umeisaga kama ya kitoto kichanga? Wiki nzima hii! Sisi unatutupia mifupa tu. Sema ukweli, umemtamani?"

Watu wakaangua kicheko. Phalla akatazama bakuli la Savuth. Tambi zilikuwa ndefu, mbavu nzimanzima.

"Hawezi kutafuna," Bunthan alijibu.

Phalla hakuwa amemwambia mtu. Akainua macho. Ndani ya kile kifuniko aliiona meza yake yote, glasi, kijiko, hata karatasi iliyokunjwa kiganjani mwake.

Bunthan akainywa chai hadi tone la mwisho, akaiweka glasi mezani.

"Kula, Phalla," akasema. "Itapoa."