Sabuni ya Kumtoa Mtoto

Mzee Pazi alifungua kifungo cha kwanza cha shati, akafungua na cha pili, na Bi Raya akajifunika uso kwa kanga.

“Mtani, usinivulie shati mbele za watu,” alisema. “Mimi mjane, utanifukuzia wachumba.”

Wanawake waliokuwa barazani wakichambua mchele wa pilau ya kesho wakaangua kicheko. Mzee Pazi akabaki ameshika kifungo cha tatu, kisha akatikisa kichwa na kuvifunga vyote.

“Nakwambia sabuni yako inaunguza,” alisema. “Wallahi naapa.”

“Mtani hana kiapo,” Bi Raya akamjibu, na kicheko kikaanza upya.

Ndivyo walivyoishi. Ukoo wa Mzee Pazi na ukoo wa Bi Raya ni watani tangu enzi za mababu huko milimani. Wanazikana, wanatukanana, wananyang'anyana vitu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani akikuambia nyumba yako inawaka moto, kwanza unacheka, halafu ndiyo unageuka kutazama.

Mambo ya sabuni yalianza Sharifa, binti wa Bi Raya, alipojifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Bi Raya aliapa kwamba siku ya arobaini, siku ya kumtoa mtoto nje, mjukuu wake ataogeshwa kwa sabuni iliyotengenezwa na bibi yake, si ya dukani. Akafuata mafunzo kwenye simu. Akanunua mafuta ya nazi na mawese, akanunua na kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kisha akaagiza mdalasini na karafuu kutoka Kinole ili inukie. Yule dada wa kwenye simu alisisitiza kwamba kostiki ipimwe kwa mizani. Bi Raya hana mizani. Alipima kwa kikombe cha chai, maana tangu lini mpishi akapima chumvi kwa mizani? Na alipoona mchanganyiko unachelewa kuganda, akaongeza kidogo.

Ukaganda. Sabuni ilipendeza kwa kweli, ina rangi ya chai ya maziwa na inanukia hadi njiani. Akaikata vipande, akavifunga kwa gazeti na uzi mwekundu. Mwenyewe hakugusisha maji hata kimoja, kwa kuwa mavuno ya kwanza hugawiwa, ndipo baraka huja. Mzee Pazi peke yake hakungoja kugawiwa. Alikwapua kipande ambacho hakijafungwa, akatoroka nacho huku akicheka, kama ilivyo kawaida ya watani.

Sifa zilianza kuja kesho yake tu. Jirani yake Nasra alisema ngozi imekuwa laini kama ya mwali. Rosa, mke wa mwalimu, alisema mumewe hataki tena kusikia sabuni nyingine. Wengine walimshauri afungue kiwanda kabisa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeiponda, na huyo alikuwa mtani, kwa hiyo hakuhesabiwa. Tena aliiponda kwa vitendo: kila akipita anajikuna mgongo kwenye nguzo ya baraza, na joto lote lile la Morogoro amevaa mikono mirefu. Bi Raya alicheka mpaka akatoka machozi. Moyoni alikiri kuwa Pazi ana kipaji.

Arobaini ikafika. Ua ulijaa watu, pilau ilikuwa inanukia jikoni, na beseni la maji ya uvuguvugu lilikuwa katikati ya mkeka. Pembeni, juu ya sahani iliyotandikwa kitambaa, ilikaa sabuni. Sharifa akamleta mtoto, amelala fofofo. Bi Raya akakaza kanga kiunoni, akanyoosha mkono.

Mzee Pazi akamuwahi. Alinyakua sahani, akazama chumbani, akatoka na boksi lenye vipande vyote vilivyobaki, kisha akakimbilia chooni na kuvitumbukiza shimoni. Ua mzima ukapiga vigelegele. Mama mmoja alisema utani wa namna hii siku hizi hauonekani tena.

Bi Raya hakucheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka kumkasirikia mtani, na hakujua mtu huanzia wapi. Akaketi kwenye kigoda na kulia mbele ya wageni wake.

“Usilie, mama Sharifa,” Nasra alisema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. “Yangu ipo.”

Akakimbia nyumbani kwake. Rosa naye akakimbia, na wengine wakafuata, kila mmoja akisema yake ipo. Baada ya muda mfupi wakarudi wakihema, wakampangia Bi Raya vipande vya sabuni mapajani.

Bi Raya akafuta machozi, akaanza kuwashukuru, akashika uzi wa kipande cha kwanza ili aufungue. Mkono ukasita. Akatazama cha pili, akatazama na vingine. Kila kipande kilikuwa bado ndani ya gazeti lake, na fundo la uzi mwekundu lilikuwa lile lile alilolifunga yeye.

Akageuka kutazama upande wa choo. Mzee Pazi alikuwa anarudi polepole, shati limemgandia mgongoni, akilivuta kwa vidole viwili lisimguse ngozi.

“Mtani,” Bi Raya alisema, “vua shati nione.”

Wanawake wakaangua kicheko.