Viatu vya Breki za Nyuma

Bi Mwanahawa aliweka kwenye kaunta ya duka la spea viatu viwili vya breki.

"Naomba kama hivi. Ni vya gurudumu la nyuma, la lile gari kuukuu la marehemu mume wangu. Shemeji yangu anataka kuliendesha."

Kombo, mwenye duka, alileta kiatu kipya akakilinganisha na kimoja cha zamani. Cha zamani kilikuwa chembamba mno, ingawa hakikuwa kimelika.

"Hivi si vya gari hilo, mama. Vimelazimishwa tu. Hata hendibreki haishiki."

"Hata ukiivuta mpaka mwisho?"

"Hata ukiivuta mpaka mwisho. Kwenye mteremko litarudi nyuma."

Gari hilo lilirudi nyuma kwenye mteremko, likambana mume wa Bi Mwanahawa getini alipokuwa akifungua kufuli, akafa. Watu wote walisema alisahau kuvuta hendibreki, na Bi Mwanahawa mwenyewe alimwita marehemu mzembe mbele ya waombolezaji. Haruni, shemeji yake, ndiye aliyefunga breki zile, na msibani aliapa kwamba hazikuwa na kasoro.

"Shemeji, umepata?" Haruni aliita kutoka nje, pikipiki ikinguruma.

Bi Mwanahawa alichukua vile vya zamani, akatoka navyo, kimoja kila mkono.

Haruni alimtazama usoni, kisha mikononi, akazima pikipiki.