Dakika Mbili Langoni

Umm Fadi, mkimbizi kutoka Syria, alimfinya mwenzake ubavuni kabla hajacheka. “Wewe ni bubu tangu lile bomu, mwanangu,” akamnong'oneza. “Ulimi wako utatuponza.”

Waliochekesha ni askari wa mpakani. Mmoja alikuwa amemuuliza Sajini Cevdet kama Waturuki ni watu wa Mashariki au wa Magharibi. “Sisi mlango,” Sajini alijibu. “Kila mtu anapita kwetu, sisi hatuingii popote.”

Karatasi ya huyo bubu iliandikwa Nizar Hamdo, seremala, mzaliwa wa Aleppo, basi nasi tumwite hivyo. Foleni ya wakimbizi ilikuwa ndefu nje ya Edirne, mji wa Uturuki mpakani na Ugiriki, asubuhi hiyo, na baridi ya Novemba iliwatafuna masikio. Ng'ambo, kwa Wagiriki, mkewe na bintiye wa miaka sita walikuwa wakimngoja kwa siku ya kumi na moja. Akirudishwa alikotoka ni jela moja kwa moja, na binti angekua akiisahau sura yake. Hilo tu ndilo lililomtia hofu, kufa hakukumtisha tena.

Uturuki ilikuwa imegombana na Ulaya kwa mara nyingine. Miaka sitini inabisha hodi, miaka sitini inaambiwa isubiri barazani. Safari hii wakubwa wa Ankara walichoka kudharauliwa, wakafungua lango ili wakimbizi wamiminike Ulaya, nayo ikome. Amri ilikuwa fupi: mgeni apite, mwenye nchi abaki.

Sajini akawafikia. Akauliza huyu ni nani.

“Mwanangu,” Umm Fadi akasema kwa Kituruki chake cha sokoni. “Hasemi, afande. Bomu.”

Sajini akamtazama Nizar, kisha akamtukania mama yake kwa Kituruki, taratibu, tusi zito la nguoni, huku akitabasamu kama anayemjulia hali. Nizar akaangalia viatu vyake. Uso haukutikisika. Sajini akamrudishia karatasi. Zilibaki hatua kumi.

Hapo simu ikalia kibandani. Sajini akasikiliza, akaitika, akatoka amenuna. Wakubwa walikuwa wameshapatana na Ulaya. Lango lifungwe sasa hivi, na walio kwenye foleni warudishwe wote.

Alikuwa ameshika mnyororo wa lango mkononi king'ora kilipolia mjini.

Ilikuwa saa tatu na dakika tano, tarehe kumi Novemba, saa aliyokufa mwanzilishi wa nchi. Kila mwaka, dakika hiyo, Mturuki husimama palepale alipo. Madereva hushuka katikati ya barabara, waokaji huacha mikate iungue. Sajini akaachia mnyororo, akakakamaa, machozi yakamlengalenga. Askari wake wote vilevile. Dakika mbili nzima hakuna ambaye angesogeza hata kidole. Wageni hawakuhusika.

Umm Fadi alikuwa ameishi nchi ile miaka minane, hakuhitaji kuelezwa. “Sasa, jamani, sasa!” akawaambia wenzake kwa Kiarabu, akakunja gauni, akakimbia. Wakamfuata wote, wazee, wajawazito, watoto migongoni, wakampita Sajini hadi mabega yakamgusa. Vumbi likatimka.

Ng'ambo ya lango yule bibi akageuka, akihema, amshike mwanawe wa kuazima mkono.

Barabara ilikuwa tupu. Hatua tatu tu kabla ya lango, ana kwa ana na Sajini, Nizar bubu wa Aleppo alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni, machozi yakimtiririka, vilevile alivyowasimamisha wanafunzi wake miaka kumi na tisa katika shule moja ya Ankara, kabla serikali haijamfukuza kazi na kutoa hati ya kumkamata.