Faili Kabla ya Kubanwa

"Si uichukue hivyo hivyo, wifi? Mbona inafanya kazi," mjane wa kaka yake alisema, ufunguo wa chumba cha marehemu ungali mkononi.

"Hawaipokei," alijibu mfungashaji wa programu. Kazi yake ilikuwa kuandaa programu huria, ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzichungulia ndani. Faili aliyoitoa kaka yake ilikuwa imebanwa: mstari mmoja mrefu usio na nafasi, majina yamekatwa yakabaki herufi, na maelezo aliyoyaandika pembeni yamefutwa yote. Bila faili asili inayosomeka, haiingii kwenye hazina ya programu hizo.

Mjane aliguna, akafungua mlango.

Chumba kilikuwa na joto, pazia limetulia tuli. Mto wa kiti ulikuwa bado umebonyea pale kaka yake alipozoea kukaa, na kwenye kibodi herufi A ilikuwa imefutika kwa kuguswa sana. Mfungashaji aliketi, akaipata faili asili. Hata kwenye maelezo ya programu kaka yule hakuacha utani: "Hapa nimechemka, msicheke."

Akatabasamu, akaendelea kushuka.

"Dada, najua ni wewe tu utakayeidai faili hii. Basi umeketi kwenye kiti changu, na mlango uko mgongoni kwako. Akuambie lolote, usimwache aufunge."

Alisoma tena.

"Nimeufunga mlango, wifi," mjane alisema nyuma yake, kwa upole. "Upepo ulikuwa mwingi."