Kombe la Mzee Kofia

Mbele ya kila picha Bibi alitema mate kwenye leso, kisha akasogea kwenye picha inayofuata.

Picha zilijaa ukuta mzima wa ukumbi wa klabu ya gofu. Bingwa baada ya bingwa, toka enzi za picha zisizo na rangi hadi mwaka jana, kila mmoja amelikumbatia kombe lile lile la fedha na kuligandisha mdomoni. Mmoja mwenye masharubu alikuwa amefumba macho, ulimi nje.

"Huyu analamba kabisa," Bibi alisema kwa sauti ya chini.

Mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa akimtembeza, alicheka kwa adabu. Bibi hakuwa mgeni wa hivi hivi. Alikuwa mtoto pekee aliyebaki wa Mzee Kofia, mwanzilishi wa klabu na wa mashindano yenyewe. Tena alikuwa mkunga mstaafu, mtu aliyeshika damu na kila kitokacho mwilini bila kukunja uso. Leo uso wake ulikuwa kama wa aliyelambishwa shubiri.

Watu wa klabu walidhani wanajua sababu. Kwa miaka mingi mwanamke hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele, na aliyeweka sheria hiyo ni Mzee Kofia mwenyewe. Binti yake alikulia barazani, akisubiri baba amalize kucheza. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa niaba ya wote. Bibi akajibu kwamba hayo yalishapita, kisha akauliza kama kombe huwa linaoshwa. Mwenyekiti alidhani ni utani wa wazee.

Nje, mjukuu wake alikuwa akikaribia shimo la mwisho, akiwa mwanamke wa kwanza kuongoza mashindano hayo. Gofu alijifunzia kwenye uwanja mbovu nyuma ya kiwanda, kwa fimbo za kuazima, huku wanaume wakimuuliza kama amekuja kufagia. Bibi ndiye aliyemlea na kumtia moyo. Lakini jana, badala ya kumtakia ushindi, alimwambia neno lililomchoma.

"Nafasi ya pili nayo ni heshima, mjukuu wangu. Shika hiyo."

Asubuhi walikuja kwenye gari moja bila kusemezana.

Sasa mpira ulibingirika, ukasita ukingoni, ukazama. Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Bibi alishika kichwa kama aliyepokea taarifa ya msiba.

Wageni walikusanyika kwenye majani mbele ya jukwaa, na mwenyekiti akasimulia historia kama ilivyosimuliwa kila mwaka. Mashindano ya kwanza yalipomalizika, ilibainika kuwa hakuna aliyekumbuka kuandaa kombe. Mzee Kofia alikwenda nyumbani mbio, akarudi na chombo cha fedha ambacho, alisema, hakupitisha siku bila kukitumia. Kilikuwa kipana, chenye mkono mmoja tu. Baadaye sonara akakiongezea mkono wa pili na kukisimamisha juu ya kitako cha mbao. Bingwa wa mwaka ule wa kwanza alikinywea, na desturi ikazaliwa: mshindi hunywa mpaka tone la mwisho, kisha hubusu ukingo.

Mvinyo ulimiminwa. Mweka hazina, mwanamume wa midomo minene iliyolowa, alionja kwanza, akasukutua, akameza, akajifuta kwa kiganja. Bibi aligeukia pembeni, akaziba mdomo kwa leso.

Mjukuu alilipokea kombe kwa mikono miwili. Alipokuwa akilipeleka mdomoni, Bibi alipenya katikati ya waheshimiwa, akalikamata kwa ncha za vidole na kumwaga mvinyo wote kwenye majani.

Watu waliduwaa. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga makofi, na wenzake wakamfuata. Wapiga picha walisukumana. Mwenyekiti aliinamisha kichwa, akasema kwenye kipaza sauti kwamba klabu iliwatendea vibaya akina mama, na fedheha hii inaistahili.

Mjukuu alimvuta Bibi hadi nyuma ya hema, machozi yakimtiririka. Alimwambia kwamba alivumilia dharau zote zile ili siku moja anywe kwenye kombe lenye jina la ukoo wake, na Bibi ameugeuza ushindi wake kuwa kesi ya zamani. Kesho, alisema, magazeti yataandika habari za mzee na binti yake, na yeye atakuwa mstari mmoja chini.

"Miaka yote hii, Bibi, bado una hasira na baba yako?"

"Hasira ya nini? Kufukua kaburi la mtu siwezi." Bibi alishusha pumzi. "Mama alinifunga mdomo nisimwaibishe baba, nami nimenyamaza mpaka leo. Lakini ungekunywa wewe, ningekufa na dhambi."

Alichungulia nje ya hema kama kuna anayesikia, kisha akasogeza mdomo karibu na sikio la mjukuu.

"Nyumba yetu haikuwa na choo cha ndani. Hicho chombo kilikaa chini ya kitanda cha baba, na kila asubuhi aliyetumwa kukimwaga ni mimi."